Mfua Nguo Naye Hustaafu

Nimestaafu. Jumatatu iliyopita nilipowatangazia hivyo pale ukutani, Brenda alicheka hadi akaketi juu ya ndoo yake. "Mathe, unaretire kutoka ofisi gani? Nani atakupea pensheni, hii ukuta?" Wote mkacheka, nami nikacheka pamoja nanyi. Lakini nilipofika nyumbani nikagundua kwamba sikuwa nimetania. Basi nimenunua daftari, na kwa kuwa sasa nina muda, nimeandika. Brenda ndiye mwenye sauti kubwa, kwa hiyo yeye atawasomea mkiwa mnangoja kazi. Adhabu yake ni hiyo.

Kama kuna mgeni anayesikiliza, ajue kwamba sisi ni wanawake tunaokaa kwenye ukuta mfupi pale barabara ya kutoka Kawangware inapoingia kwa wenye mageti, tukingoja mtu aje aseme ana nguo za kufua. Nimekaa pale miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo nilifua Ayany, nikiishi Kibera. Sitaandika nililipwa ngapi, maana wengine wenu mtaanza kunihurumia na wengine mtaanza kunionea wivu. Cheo pia sitaandika, kwa sababu kazi yetu haina cheo. Unaanza ukiwa mama wa kufua na unamaliza ukiwa mama wa kufua mwenye mgongo mbaya.

Ninachotaka kujibu ni swali wanaloniuliza watu wa kwetu tangu niliposema naacha kazi. Pamela, miaka yote hiyo Nairobi, umejenga wapi? Sijajenga. Sina nyumba kijijini, sina hata nguzo moja iliyosimama. Kwa watu wa kwetu hilo ndilo jibu la mtihani mzima, na mimi nimepata sufuri. Mimi nasema nimepita, tena vizuri, na sitaki mtu anisahihishie.

Nilikuja mjini na mume wangu, fundi wa kupaka rangi, tukapanga chumba Sarang'ombe, kule Kibera. Otis, mtoto wetu wa pekee, alikuwa hajaanza kutembea baba yake alipofariki kwa homa ya wiki moja. Nilienda kumzika kwao, karibu na ziwa, kisha nikarudi na mtoto mgongoni, kwa maana kodi ya nyumba haikuwa kwenye matanga. Jirani wa mlango wa pili alikuwa mama wa kutoka Bungoma, Mama Nafula. Hakuniuliza mengi. Aliniuliza tu kama najua kufua.

"Nimezaliwa kando ya ziwa," nikamwambia. "Nitakosaje kujua?"

Majivuno hayo yalidumu hadi saa nne asubuhi ya siku iliyofuata. Kwetu tulifua kwenye mawe. Unalowesha nguo, unaikunja, unaiinua juu ya kichwa na kuipiga jiweni mpaka uchafu uombe msamaha. Mama Nafula alinipeleka Ayany, kwa karani mmoja na mkewe, akaniacha uani na beseni mbili huku yeye akifua nyumba ya pili. Nikatafuta jiwe, sikuliona. Nikaona sakafu ya saruji, nikasema itafaa. Nikalichukua shati jeupe la karani na kulipiga pale chini kwa nguvu zangu zote. Vifungo vikaruka kila upande. Mama mmoja wa ghorofani akachungulia dirishani, akidhani kuna watu wanapigana.

Mama Nafula akaja mbio. Aliangalia shati, akaniangalia mimi. "Hiyo shati imekukosea nini?"

Aliokota vifungo vyote isipokuwa kimoja, ambacho hatukukiona tena. Akachomoa sindano kwenye kilemba chake, akaketi chini, akavishona vyote kabla ya wenyewe kurudi. Mahali pa kile kilichopotea alishona kimoja alichokitoa kwenye blauzi yake mwenyewe, nayo blauzi akaifunga kwa pini. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba nguo za mjini zimezoea kukaa kwenye kiti, hazijazoea vita.

Yeye ndiye aliyenifundisha yote mnayoniona nikiyafanya. Anza na kola na mikono ya shati, kwa sababu mwenye nguo ataanza kuangalia hapo. Kabla ya kulowesha chochote, toa kila kitu mfukoni mbele ya mwenye nyumba, hata kama ni karatasi ya peremende, akione kwa macho yake. Nguo za ndani kila mtu ajifulie mwenyewe. Mteja akikuwekea, zirudishe juu ya kitanda bila kusema neno, ataelewa. Nguo nyeusi anika kivulini. Mikono ipake mafuta kabla ya kazi, si baada, maana baada ya kazi imeshachelewa. Na sindano usiiache nyumbani. Yangu iko kwenye kilemba hata sasa ninapoandika, na sina shati la mtu hapa.

Kuna doa moja ninalotaka mlijue kwa sababu lilikaribia kunitoa roho. Mteja mmoja alikuwa amefanya sherehe, na wageni wakamwagia kitambaa chake cha meza mchuzi wenye manjano. Kitambaa kilikuwa cheupe, kimetoka kwa mama mkwe wake. Nilipopaka sabuni, doa la njano likageuka jekundu kama damu. Nilisimama pale nikiwaza nitakimbilia wapi na mtoto. Nikasuuza, nikasuuza tena, wekundu ukapungua lakini njano ikabaki. Mwisho nikakianika kwenye jua kali kwa sababu sikuwa na wazo jingine, nikaendelea na shuka huku nikiomba. Mchana jua lilikuwa limeila ile njano yote. Basi manjano yakiwageukia, msiongeze sabuni na msilie. Suuzeni, mpeleke juani, muwe na subira.

Sasa nije kwenye mabati, kwa sababu hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka.

Baada ya mwaka wa kwanza wa ujane nilianza kujenga nyumbani. Mnajua tunavyojenga sisi watu wa kufua. Ukipata vizuri mwezi huu unanunua bati moja, mwezi ujao labda la pili, ukikosa unangoja. Kwa sababu kijijini hakuna wa kukutunzia, unayaweka chumbani kwako. Yangu niliyasimamisha nyuma ya kitanda, nikayafunika kwa pazia. Yalifika kumi na manne. Usiku nikigeuka, kiwiko kinagonga bati. Otis alijifunza kuhesabu kwa hayo mabati. Nilijisikia mtu mkubwa, kwa kweli. Nikikutana na watu wa kwetu kanisani na kuulizwa, nilijibu kwamba ninajenga.

Jumapili moja ilinyesha mvua kubwa, na Mama Nafula akaingia kwangu kujikinga. Chumba changu kilikuwa kinavuja sehemu tano. Kila beseni ya kazi ilikuwa imetegwa chini ya tundu lake, na sufuria ilikuwa kitandani, hapo miguuni pa Otis. Mama Nafula akatafuta mahali pakavu pa kukaa, akakosa. Akavuta lile pazia apate kuegemea ukuta, na akayaona.

"Hizi mabati ni za nani?"

"Ni zangu. Za nyumbani."

Akaangalia juu, mahali maji yalipokuwa yakitoka. Akaangalia mtoto. "Na hapa mnakaa ni wapi?"

Nikaanza kumweleza kwamba hapa ni pa kukodi, kwamba nyumbani ndiko nyumbani, kwamba mtu akifa lazima awe na mahali. Nilieleza kwa muda mrefu. Yeye alikuwa anakamua shuka langu lililolowa. Otis akakohoa. Kikohozi hicho kilikuwa na wiki tatu. Nikamsikia mtoto wangu akikohoa chini ya tundu, na futi mbili kutoka kwake kulikuwa na mabati kumi na manne, mapya, yanayong'aa, yamevikwa pazia yasipate vumbi. Niliona aibu ambayo hata shati la karani halikunipa.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilimwita fundi, tukayapigilia yale mabati juu ya yale yaliyooza. Wapangaji wa ploti nzima walitoka kutazama. Nani amewahi kusikia mpangaji anamwezekea mwenye nyumba? Walinicheka wiki nzima, lakini mvua iliyofuata tulilala wakavu, na kikohozi kikaisha.

Mwenye ploti alikuja mwisho wa mwezi. Akasimama nje, akalitazama paa lake jipya kwa furaha, akanipongeza. Kisha akasema kwamba kwa vile nyumba sasa ni nzuri, kodi itapanda.

Sikubishana naye. Asubuhi Mama Nafula alishika ngazi, nami nikapanda na nyundo, nikang'oa misumari mmoja baada ya mwingine, nikashusha mabati yangu yote kumi na manne, nikamwachia yake yaliyooza vile vile nilivyoyakuta. Mwenye ploti alipiga kelele huko chini, akisema nitaanguka. Siku hiyo hiyo nilimuuzia mabati mtu wa kioski, nikahamia Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo, kwenye chumba kisichovuja. Kwa zile pesa zilizobaki sikununua bati tena hata moja.

Niliziita hela za hapana, na kila nilipopata vizuri niliziongezea. Kazi yake ilikuwa moja tu, kunipa uwezo wa kukataa. Sikujua wakati huo kwamba wenye elimu wana jina lake refu na semina zake. Mimi nilijua tu kwamba mwenye ploti alinipandishia kodi kwa sababu alidhani sina pa kwenda, na kwamba mtu asiye na akiba hukubali kila kitu huku akitabasamu.

Polepole nikaanza kuzitumia, na si dukani. Kulikuwa na mteja aliyekuwa akiniita kwa kupiga vidole. Nilimwambia hapana, nikarudi ukutani. Kuna mwingine, huyo mnamjua, mwenye bustani na mbwa wawili, alitaka kuniandika kazi ya kudumu. Chumba nyuma ya nyumba, mshahara kila mwezi, chakula juu yake. Nyinyi mliniambia nina bahati. Mimi nilimuuliza siku za matanga ingekuwaje. Akasema ningeomba ruhusa, naye angeangalia ratiba yake. Nikamshukuru, kwa adabu kabisa, nikarudi kukaa na nyinyi kwenye jua. Mlikasirika kuliko yeye. Brenda alikuwa bado mgeni, akaniambia nimeringa. Ni kweli niliringa. Nilikuwa nimelipia haki ya kuringa.

Halafu ukaja ule mwaka wa barakoa. Mageti yote yalifungwa, na wateja ambao tulifua nguo za watoto wao tangu wakiwa na nepi wakaongea na sisi kupitia tundu la mlinzi. Hapo ndipo nilipoelewa kile nilichokuwa nacho. Tulikula, mimi na Otis, na tukapikia wengine wawili kutoka ukutani ambao sitawataja kwa sababu wanasikiliza. Baadaye wateja wengi walinunua mashine za kufua, na mkaogopa. Niliwaambia msiogope. Mashine haijui kola, na haiwezi kumwambia mwenye nyumba kwamba huyu mtoto anakojoa kitandani kwa sababu nyinyi mnagombana.

Leo ninayo matangi mawili ya maji hapa Kongo, nimeyakodisha kwa mama mmoja anayeuza maji, na nina hisa zangu kwenye sako, chama chetu cha akiba. Hazininoneshi. Zinaniruhusu kuamka saa mbili nikitaka. Ninakaa kwenye chumba kimoja chenye mfereji ndani, na katika miaka yote niliyobeba maji ya watu wengine, mfereji wa ndani ndio niliouona kuwa utajiri. Ninaufungua wakati mwingine bila sababu.

Jumapili iliyopita nilipata wageni. Walikuja shemeji yangu Owiti, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye amenizidi mimi umri kwa miaka saba, pamoja na wazee wawili wa chama cha watu wa nyumbani. Otis aliwaleta. Sasa ni mtu mzima, fundi wa friji, ana mke na watoto wawili. Niliona jinsi alivyokwepa macho yangu, nikajua wameshaongea naye.

Walikunywa chai, wakasifu chai. Kisha Shemeji Owiti akasafisha koo.

"Shemeji, umefanya kazi, hakuna mtu anakataa. Tunashukuru. Sasa ukoo unasema urudi nyumbani ujenge. Hata kama ni kanyumba kadogo."

"Na nguzo ya kwanza ataiweka nani?" nikauliza.

Wazee wakatazama vikombe vyao. Kwa wasiojua desturi yetu, mjane hajijengei. Lazima mwanamume wa ukoo asimamishe nguzo ya kwanza, na mwanamume huyo akishasimamisha nguzo huwa ameshakuwa mume na mwenye nyumba, na mwenye nyumba huwa na mambo yake. Mimi nimekaa bila mwenye nyumba wa aina hiyo karibu miaka thelathini.

"Ukoo haujaisha wanaume," akasema mzee mmoja, kwa upole.

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Mzee wa pili hakuwa na upole wa mwenzake. "Pamela, tuache mchezo. Siku Mungu akikuita, tutakuweka wapi? Mama anazikwa kwa mlango yake. Wewe mlango yako iko wapi?"

"Ni huo mmeingia nao."

"Hii ni ya kukodi."

"Ni ya kukodi," nikasema, "lakini mmebisha, mkangoja nifungue."

Ndipo Otis akaongea, na hilo ndilo lililonikata. "Mathe, na mimi? Ujue kwetu siwezi jenga kabla yako. Ukikataa, ni mimi umefungia. Watu wananiuliza, nakosa cha kusema."

Nilitaka kumwambia juu ya kikohozi chake. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba yangu ya kijijini ilikuwepo, na niliitoa bati moja moja nikaiweka juu ya kichwa chake. Nikanyamaza, kwa sababu mtoto hapaswi kulipia paa alilolala chini yake. Nilimwambia tu, "Otis, mimi sijakuzuia. Jenga kesho ukitaka, nitakuja kukupikia mafundi. Wanaokuzuia ni hawa wamekaa hapa wanakunywa chai yangu. Waulize wao. Mimi pesa zangu hazitanunua nguzo ya mtu kunisimamia, na mgongo wangu hautarudi kuinamia beseni kwa sababu ya nyumba ambayo nitalala ndani yake nikiwa nimekufa. Lang'ata kuna makaburi. Nikiwekwa huko sitawasumbua."

Otis akainuka akatoka. Hakuaga. Inaniuma, na siwezi kuwaandikia kwamba haiumi. Hajanipigia simu tangu siku hiyo, na ninaiweka simu karibu hata ninapooga. Lakini akija, atanikuta mimi mwenyewe, si mke wa mtu niliyepewa uzeeni ili niruhusiwe kufa.

Wazee wakainuka, wakasema watarudi. Nikawaambia karibuni, chai ipo. Shemeji Owiti akabaki nyuma akitafuta kofia yake, ambayo ilikuwa mkononi mwake. Huyu ndiye wanayemtolea mfano kila mara. Alijenga kijijini nyumba ya vyumba vinne, madirisha ya vioo, na siku ya kuihamia walichinja ng'ombe. Nilimsindikiza hadi getini. Alipoona wazee wametangulia, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo nyumba yangu, Shemeji. Popo wameingia. Wamejaa vyumba vyote."

"Si ungeenda ukakae ndani uwafukuze?"

"Nitaendaje? Pesa yote iliishia hapo." Akaangalia saa yake. Ilikuwa inakaribia kumi na mbili, na yeye ni mlinzi wa godauni huko Industrial Area, zamu yake huanza saa moja jioni na kuisha asubuhi. Chini ya koti la kanisani alikuwa tayari amevaa sare. Akanipa mkono, akaharakisha kuelekea steji ya matatu, akichechemea kidogo mguu wa kushoto.

Nilimhurumia kwa dhati. Kisha nikarudi ndani, nikafunga mlango wangu, nikaketi.